Mwenye Gari ni Mama

Gerishon Kibe hakuamini mtu, na hakuona haya kusema hivyo. Mkate ukiletwa nyumbani aliubonyeza pembeni kwanza. Kinyozi akimwambia amemaliza, aliomba kioo cha pili. Kanisani, mhubiri mgeni akisimama kujitambulisha, Gerishon alimtazama viatu kabla ya kumsikiliza. Majirani zake wa Kangemi walimcheka kwa hilo, lakini ni haohao waliobisha hodi kwake siku walipotaka kununua gari.

Ugonjwa huu wa kushuku aliutoa kazini. Kwa miaka ishirini na minane alikuwa dereva wa kampuni moja ya bima kule Upper Hill, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo alimwendesha mtu mmoja tu, Bwana Omollo, mkaguzi wa magari yaliyopata ajali. Kazi ya Omollo ilikuwa kuzunguka gereji baada ya gereji, kuinama chini ya vyuma vilivyokunjamana, na kukataa alichoambiwa. Gerishon angeweza kubaki garini asome gazeti kama madereva wengine. Hakubaki. Alimfuata nyuma akimshikia tochi, na polepole macho ya Omollo yakawa macho yake. Alipostaafu, miaka miwili iliyopita, ofisi ilimpa keki na saa ya ukutani. Saa aliitundika sebuleni, na kila asubuhi aliilinganisha na simu yake, maana huwezi kujua.

Siku hizi magari yanauzwa kwenye simu. Mtu anapiga picha tano sita, anaandika maneno mawili ya kujisifu, anaweka namba, basi. Na picha zenyewe, jamani! Moja imekata magurudumu yote. Nyingine ni mlango na nusu ya mbuzi. Kuna ile ya kidole gumba kilichoziba taa, na kuna ile ya gari lililofunikwa turubai kana kwamba mnunuzi anatafuta turubai. Mwingine kapiga picha ya kiti cha nyuma na mtoto amelala juu yake fofofo, hata hakuona haja ya kumwamsha. Watu wengi huzicheka wakapita. Gerishon hakupita, kwa sababu kwake kila kasoro ya picha ilikuwa na sababu, na sababu ilikuwa kuficha kitu.

"Hii imepigwa ikiwa imelowa," alikuwa akimwambia jirani, simu kaishika mbali na uso kwa kuwa miwani aliisahau ndani. "Maji yanaficha mikwaruzo. Na hii nyingine, picha zote sita ni za ubavu mmoja. Ule mwingine uko wapi? Umeenda ushago kusalimia nyanya?"

Nyasi zikifika nusu ya gurudumu, alijua gari limelala hapo miezi. Namba ya usajili ikifunikwa na tambara, alitaka kujua ni nani hasa anayefichwa. Dashibodi isipoonekana, alirudisha simu bila neno. Watu sita wa mtaa huo walikuwa wameokolewa na macho yake, na wa saba, ambaye hakumsikiliza, bado alikuwa akisukuma gari lake kila asubuhi mbele ya watoto wa shule.

Kulikuwa na aina moja tu ya picha mbaya aliyoiheshimu, ile iliyoharibika kwa ujinga. Picha iliyopinda, yenye giza upande mmoja, yenye kiwiko cha mpigaji kwenye kioo, lakini inayoonyesha pande zote za gari bila kuchagua. "Huyu hajui kupiga picha," alisema, "na asiyejua kupiga picha hajui kuficha." Alilisema hilo kwa raha, kama mtu anayetoa siri ya ufundi. Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa la mtu anayeyaamini macho yake kuliko kitu kingine chochote.

Mkewe, Njambi, alikuwa na kibanda cha mikoba ya mitumba Ngara. Walikuwa wameoana miaka thelathini na mmoja, wamemlea binti yao Nyawira hadi akaolewa Nakuru, na sasa walibaki wawili katika nyumba ya vyumba viwili, na kimya kingi. Njambi alikuwa mtu wa sauti ya chini na mwendo wa haraka. Hakuwa na makuu. Kwa miaka yote hiyo Gerishon hakuwa na sababu ya kumshuku, na kusema kweli jambo hilo lilikuwa limemstarehesha kuliko alivyowahi kumwambia.

Halafu, baada tu ya Pasaka, Jumamosi zikaanza kubadilika. Njambi alikuwa akienda kibandani kwa raba na sweta. Sasa alitoka na viatu vya kisigino, vile vya harusi za watu, na ile gauni ya maua ya manjano, na mkoba wake mwenyewe mwekundu wa rangi ya damu iliyokauka. Alirudi mchana akiwa mwepesi, akiimba nyimbo za kwaya huku akichambua mboga. Na alirudi akinukia. Si manukato ya mwanamke. Ilikuwa ile harufu ya vanila ya kikadi kinachoning'inizwa kwenye kioo cha gari. Mtu aliyekaa nyuma ya usukani miaka ishirini na minane hawezi kukosea harufu hiyo.

Gerishon hakuuliza. Bwana Omollo alikuwa akimwambia kwamba ukimuuliza mwenye gari, unampa nafasi ya kutunga. Wewe kagua tu. Basi akakagua. Njambi akiingia bafuni, yeye alivipindua vile viatu nyuma ya mlango. Soli hazikuwa na tope la soko ila vumbi jeupe la changarawe, nayo Ngara haina changarawe. Alitazama kola ya gauni. Alihesabu Jumamosi: tano, tisa, kumi na tatu. Mezani aliomba apitishiwe chumvi, akasema chai ni tamu, na ndani yake wivu ulikuwa ukimla taratibu.

Mwezi wa saba, siku moja ya baridi, Dalmas Obuya akaja na simu. Dalmas alikuwa fundi wa mabomba, jirani wa mlango wa tatu, na alikuwa akitafuta gari la kubebea vifaa vyake.

"Mzee Gerishon, si uniangalizie hii," alisema. "Mimi naona iko sawa kabisa, lakini mama watoto amesema nisitume hata meseji kabla hujaiona."

Lilikuwa gari dogo la rangi ya fedha. Picha saba, na zote zimepinda kulia kana kwamba dunia nzima iko mteremkoni. Moja ilikuwa ya paa na mawingu. Moja ilikuwa na kiwiko. Lakini mbele, nyuma, ubavu huu na ule, dashibodi, vyote vilikuwepo. Na chini yake maneno: *Mwenyewe ni mama. Ya kwenda kanisa na soko tu. Haijawahi gonga.* Maneno hayo Nairobi ni kama sukari kwenye uji. Watu wa mji huu wameamini kwamba gari la mwanamke halikimbizwi wala halibebi simiti, ndiyo maana siku hizi kila muuzaji angependa kuwa mama.

"Hii picha imepigwa na mtu wa kawaida," Gerishon alianza. "Asiye na..."

Picha ya sita ilikuwa ya viti vya mbele, na kwenye kiti cha abiria palikuwa na mkoba. Mwekundu, rangi ya damu iliyokauka. Kamba yake ilishikwa upande mmoja na pete ya chuma yenye kibati kidogo. Akaikuza picha kwa vidole viwili. Kwenye kibati paliandikwa 14. Pete hiyo aliitia yeye mwenyewe kwa koleo, mwaka ambao kamba ilikatika. Ilikuwa ya funguo za gari namba kumi na nne la ofisi, kibati kikagoma kutoka, naye akakiacha.

Hakuirudisha simu.

"Mzee, vipi? Iko na shida?"

"Niachie hiyo namba," Gerishon alisema. "Nitapiga mwenyewe."

Dalmas alipoondoka, Gerishon alikaa kitandani akatafuta matangazo yote yenye namba hiyo. Akapata mengine manne. Gari jeupe, gari la buluu, la kijivu, jeusi. Picha zote zimepinda. Katika jeupe na la kijivu mkoba ulikuwa kwenye kiti cha nyuma. Katika la buluu ulikuwa juu ya dashibodi, na vile viatu vya kisigino vimepangwa vizuri kwenye zulia la miguu. Katika jeusi, pembeni kabisa ya picha, palionekana goti, na juu ya goti maua ya manjano.

Ungekuwa wewe, msomaji, labda ungeelewa papo hapo. Gerishon, mtu aliyeweza kuona rangi mpya juu ya rangi kuukuu kwenye picha yenye ukungu, alitazama vitu vya mwanamke mmoja ndani ya magari matano akaona mwanamume. Mwanamume mwenye magari matano, anayemchukua Njambi Jumamosi na kumzungusha, kila wiki na rangi yake. Alimpa hata kitambi. Alimpa sauti nzito na kicheko. Na hapo hasira aliyoingoja haikuja. Kilichokuja kilikuwa hofu. Alikuwa na miaka sitini na miwili, na aliogopa kwamba siku moja atafungua mlango akute nyumba haina mtu.

Akapiga ile namba. Sauti iliyopokea ilikuwa nyepesi na changamfu, ikajitambulisha kama Nzioka.

"Ile silva bado iko, mzee wangu. Iko safi sana. Naongea na nani?"

"Muthama," Gerishon alisema. Hakujua jina hilo limetoka wapi.

"Sawa Mzee Muthama. Jumamosi saa nne, Lavington, nitakutumia mahali. Mwenyewe atakuwepo. Ni mama fulani mpole sana, utaongea na yeye mwenyewe."

Jumamosi, saa mbili na nusu, Njambi alijifunga kitambaa kichwani mbele ya kioo. "Mimi naenda, Baba Nyawira. Chai iko kwa thamosi."

"Sawa," alisema mumewe, akitazama saa ya ukutani.

Alingoja dakika ishirini, akavaa koti na kofia, akatoka kwa miguu. Kutoka Kangemi hadi Lavington si mbali kwa mtu mwenye hasira, lakini yeye alikwenda polepole, kama mtu anayepeleka damu yake kupimwa. Nyumba za bati zikaisha, zikaanza kuta ndefu zenye maua, na askari wa lango waliomtazama kama alivyozoea yeye kuwatazama watu. Alijipangia la kusema. Atamwambia yule mwanamume neno moja tu, kisha atamshika Njambi mkono warudi. Au hatamshika mkono. Hakuwa na uhakika.

Gari la rangi ya fedha lilikuwa mbele ya lango la kijani, juu ya changarawe nyeupe. Nzioka alikuwa mtu mwembamba wa miaka arobaini hivi, shati limenyooka, simu mbili mkononi. Hakuwa na kitambi. Alimsalimia kwa mikono miwili na kumwita mzee wangu mara tatu kabla ya kupumua. Kisha akagonga lango dogo la pembeni, akamwita mama.

Njambi akatoka, ufunguo mkononi, mkoba begani.

Alimwona mumewe akasimama. Gerishon alingoja aite jina lake. Nzioka alikuwa ameinamia simu akijibu mtu, hakuona kitu.

"Karibu," Njambi alisema hatimaye. "Wewe ndiye Bwana Muthama?"

Angeweza kulimaliza jambo hilo hapo hapo. Lakini desturi ya miaka ni desturi. Akaamua akague kwanza.

"Ndiyo, mama. Nimeambiwa gari ni yako."

"Ni yangu." Sauti yake haikuwa ile ya chini ya nyumbani. Ilikuwa imejaa, imenyooka, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. "Mume wangu aliniletea nikifika miaka hamsini. Aliiweka nje ya mlango, akaniita nije nione kama ni mvua inanyesha."

"Mueleze vile ulijifunza, mama," Nzioka alisema bila kuinua kichwa. Bila shaka hapo ndipo wanunuzi walipokuwa wakilainika.

"Alinifunza yeye mwenyewe. Hapa kwa hii barabara, Jumapili tukitoka kanisa. Nilikuwa naogopa hata kupinda. Ananiambia, polepole Njambi, usiangalie nyuma, mimi niko hapa." Alikuwa akimtazama Gerishon usoni. "Ni mtu mpole. Kila jioni ananiuliza, leo umeenda wapi, umeona nini."

Gerishon alisimama juu ya ile changarawe akamsikiliza mume huyo. Alimchukia kuliko alivyomchukia yule wa magari matano. Watoto wawili wa Bwana Omollo aliwafundisha yeye kuendesha, Jumapili baada ya Jumapili, bila kunung'unika. Njambi alimwomba mara moja tu, Nyawira akiwa bado mgongoni, na yeye akamjibu kwamba gari la ofisi si la kuchezea. Hakuomba tena, na Gerishon alikuwa hajalikumbuka jambo hilo hata siku moja hadi leo.

"Na mumeo," alisema, "anajua unaiuza?"

"Mume wangu haniulizi kitu."

Nzioka akacheka. "Mama naye! Si umesema anakuuliza kila jioni?"

Gerishon akafungua mlango wa gari ili asionekane uso. Ile vanila ikampiga puani, kali mno, na nyuma yake ikaja harufu nyingine ya unyevu, kama gunia lililosahauliwa uani. Mikono yake ikaanza kazi bila kumngoja. Akainua zulia. Akapitisha kidole kwenye reli ya kiti, kikatoka na kutu. Akaushika mkanda wa kiti, akauvuta taratibu hadi mwisho, pale ambapo watu huwa hawaufikishi. Karibu na mwisho palikuwa na mstari wa tope la kahawia. Gari hili lilikuwa limekaa majini hadi kwenye viti, labda katika yale mafuriko ya mvua za masika. Likaoshwa, likakaushwa, likapewa vanila.

"Nataka kuijaribu kidogo," alisema.

"Hakuna shida. Mama ataenda na wewe, mimi nangoja mteja mwingine, yuko njiani."

Waliingia, Gerishon kwenye usukani, Njambi kando yake. Walikwenda hadi kona ya kwanza.

"Muthama?" Njambi alisema.

"Niliona mkoba."

"Kwa hivyo umenifuata."

"Sikukufuata. Mimi nilikuja kuona gari." Alijisikia mjinga hata akilisema. "Huyu Nzioka ni nani wako?"

"Ni broka wa kuuza magari, Gerishon. Ni nani wangu vipi?" Akavuta pumzi. "Alikuja Ngara akitaka kukodisha mkoba wa kuweka kwa picha. Ile ya kuuza ilikuwa inaonekana mpya, akasema nimpe yangu. Wiki iliyofuata akarudi, akasema wateja wakikuja wanataka kumwona huyo mama. Akaniuliza kama naweza kuwa huyo mama. Yule soja wa lango ni binamu yake, ananiacha nikae ndani kwa kibanda chake hadi niitwe. Ni kazi ya saa moja tu, na ananipa kitu kidogo."

"Na picha?"

"Picha napiga mimi. Yeye akipiga zinatoka safi, watu wanajua tu ni broka. Aliniambia niwe napinda simu, na niache kiwiko. Watu wakiona imeharibika hivyo wanaamini."

Gerishon akaendesha gari bila kuona barabara. Wale watu sita wa Kangemi walimpita akilini mmoja mmoja. Ni wangapi aliowaambia kwamba picha iliyopinda ni ya mtu mkweli? Yeye, mwanafunzi wa Omollo, alikuwa amepigwa chenga na mwanamke aliyekuwa akimpikia, na mwanamke mwenyewe hata hakujua kwamba anampiga chenga.

"Njambi, hii gari imekaa kwa maji."

"Ati nini?"

"Mkanda una tope. Chini kumeoza. Mwaka hauishi itazimika na mtu barabarani."

"Nzioka aliniambia ni nzima." Aliushika ule mkanda uliomfunga, akauachia haraka. "Mimi nilijua naongeza chumvi kidogo tu. Mambo ya mume na kanisa. Nilifikiri hakuna mtu anaumia na hayo." Akaukumbatia mkoba. "Na zile zingine?"

"Sijui. Sikuziona ila kwa picha zako."

Njambi aligeuza uso upande wa dirisha. Aliposema tena, ile sauti ya langoni ilikuwa imemtoka. "Unajua kwa nini nilikuwa napenda? Si hiyo pesa. Mtu anasimama mbele yangu ananiuliza, na anangoja nijibu. Nyumbani unaangalia viatu vyangu. Nimekuona ukivipindua nyuma ya mlango, Gerishon. Sijui ni mara ngapi. Na mimi nikawa nasema moyoni, leo ataniuliza. Leo. Ungeuliza hata ile Jumamosi ya kwanza ningekwambia yote, tungecheka." Akamgeukia. "Ulidhani nini?"

Gerishon aliwasha indiketa, ingawa hapakuwa na gari jingine. Walikuwa wamefika tena kwenye lango la kijani.

Mteja mwingine alikuwa amefika. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, amevaa sweta ya buluu ya wauguzi juu ya sare, macho mekundu ya mtu aliyetoka zamu. Nzioka alikuwa akimwonyesha magurudumu.

"Na huyu ndiye mwenyewe," Nzioka alisema mara Njambi aliposhuka. "Mama, huyu ni Debra. Anafanya kazi hospitali Upper Hill."

Debra alimshika Njambi mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mama, nimeshukuru kukupata wewe mwenyewe. Nimeogopa mabroka hadi basi. Nilipoona hizo picha zako nilicheka, nisamehe, lakini nikasema huyu ni mtu wa kweli. Nimetafuta gari mwaka mzima, ya kunitoa kazini usiku. Niambie tu wewe. Imekutumikia vizuri?"

Gerishon alikuwa ameshafungua mdomo. Neno moja lilitosha: mkanda. Lakini akilisema yeye, Njambi atabaki pale katikati kama mwizi aliyeshikwa na mumewe, mbele ya watu, na wao wawili nyumbani hawatakuwa mke na mume tena bali mkaguzi na mkaguliwa hadi kifo. Akinyamaza, na Njambi naye akanyamaza, muuguzi huyu ataondoka na jeneza la magurudumu manne. Alimtazama mkewe. Hakujua atasema nini. Miaka thelathini na mmoja, na hakujua. Akafunga mdomo akangoja, na kungoja huko kulimuuma kuliko chochote alichowahi kukagua.

"Hii gari si yangu," Njambi alisema. "Hata kuendesha sijui."

"Mama," Nzioka alisema, akicheka kicheko kikavu, "mama ana mzaha leo..."

"Mimi ni wa mikoba, Ngara. Nilikuwa nakaa hapa niseme ni yangu." Akamgeukia Debra. "Usinunue, msichana wangu. Mume wangu ni dereva. Muulize huo mkanda uko na nini."

"Mume gani?" Nzioka aligeuka huku na huku, akitafuta mtu mwingine barabarani. "Huyu ni Mzee Muthama."

"Huyu ni Gerishon Kibe," Njambi alisema. "Ni wangu."

Gerishon akafungua mlango wa gari. Aliuvuta mkanda hadi mwisho, polepole, ili Debra auone vizuri ule mstari, akamweleza kwa sauti ya chini, bila kumtupia lawama mtu. Debra aliutazama, kisha akamtazama Njambi, macho yamejaa kitu ambacho si hasira tu. Alisema asante kama mtu aliyekanyagwa mguu, akaondoka bila kuaga. Nzioka alimpokonya Njambi ufunguo, akasema mambo ambayo hayafai kuandikwa, hasa kuhusu wazee wa Kangemi, akalipeleka gari lake lenye vanila mtaa mwingine.

Wakabaki wawili kwenye changarawe. Askari alifunga lango dogo bila kuwatazama. Wakaanza kuteremka na barabara, Njambi mbele, Gerishon hatua mbili nyuma, vile visigino vikigonga lami.

"Bado hujanijibu," Njambi alisema bila kugeuka. "Ulidhani nini?"

"Nilidhani una mtu."

Akasimama.

"Miezi minne," alisema. "Ukila chakula changu, ukisema chai ni tamu."

"Ndiyo."

"Na jina la Muthama lilikuwa la nini?"

Gerishon alitazama viatu vyake mwenyewe. "Niliogopa. Nilisema nikikukuta naye, basi awe ni Muthama ndiye ameachwa. Si mimi."

Njambi hakucheka. Alimwangalia kwa muda mrefu, kutoka kofia hadi miguuni, akitafuta upande wowote ambao hajaonyeshwa. Macho yake yalikuwa yamelowa na bado yalikuwa na hasira, na hakuficha hata kimoja.

"Haya niulize," alisema. "Chochote. Tuko na barabara yote hadi nyumbani."

Alikuwa na maswali ya Jumamosi kumi na tano, yamepangwa kwa tarehe. Yote yalimtoka kichwani. Alimwona tu jinsi alivyoegemea ukuta wa watu, akiupumzisha mguu mmoja.

"Viatu vinakuuma?"

"Sana," Njambi alisema, akaanza kulia.